Kuku wa Mayai wa Dada Gundi

Dada Gundi hasomi kitabu kuanzia mwanzo. Anaanzia kwenye jeraha. Kwa miaka ishirini na miwili ameshona vitabu katika chumba cha nyuma cha maktaba yetu. Kila kinachorudi kimeumia hukigeuza, hukinusa, kisha hukutangazia habari za nyumba kilikotoka.

"Huyu alikuwa anakunywa chai. Huyu ana mdogo wake anayeota meno, ona pembe ilivyotafunwa. Na huyu, maskini, amelia."

Waliolia aliwajua kwa makunyanzi ya karatasi. Hutandika karatasi nyeupe juu ya ukurasa, hupitisha pasi ya moto wa wastani, ukurasa ukanyooka kama haukuona kitu. Mimi kazi yangu ni kugonga mihuri pale mezani, na kama mnavyonisikia, sikuumbwa kunong'ona. Nimedumuje maktaba, Mungu ndiye ajuaye.

Sasa, ikaletwa rafu mpya ya vitabu vya watoto. Si vya sungura na fisi. Hivi vilikuwa vya mtoto anayeogopa giza, mtoto aliyemwonea wivu kichanga, mtoto ambaye wazazi wake wametengana, na kimoja cha mtoto aliyefiwa na bibi yake. Vitabu vizuri, picha kubwa, maneno machache. Mkuu wetu wa maktaba akavipokea kwa moyo wote, akachukua kalamu nene na kuvibandikia bango la herufi kubwa: VITABU VYA WATOTO WENYE MATATIZO.

Jamani! Niambieni ni mtoto gani atasimama chini ya bango lile mbele ya wenzake.

Miezi mitano, kadi hazikugongwa mhuri hata mmoja. Kurasa zilikuwa bado zimegandana, zinanukia wino. Mkuu akatangaza kwamba mwezi ukiisha bila watu kuviazima, vinakwenda stoo na rafu inapewa vitabu vya mitihani. Na Mkuu wakati huo hakuwa mtu wa kubembelezwa. Tangu amzike mama yake alikuwa mkali kama pilipili. Alipumzika siku mbili tu, ya tatu akarudi kazini na kutufokea kwa sababu viti havikunyooka.

Kilichomtoa Dada Gundi kwenye kiti chake ni kabinti kamoja kenye pengo mbele. Kalikuwa kanakuja kila Jumatano na bibi yake, kisha kakaanza kuja na dada wa jirani, na bibi hatukumwona tena. Siku moja kakaisogelea ile rafu kiubavuubavu, kama mtu anayepita tu. Kakanyoosha mkono. Vijana wawili wa meza ya jirani wakacheka, "Huyooo, ana matatizo!" Kakaurudisha mkono na kukimbia hadi nje.

Niliwatoa vijana wale kwa sauti iliyoamsha mpaka mlinzi. Lakini Dada Gundi aliingia chumbani kwake akafunga mlango, na mimi namjua: akijifungia hivyo, kuna mtu atakiona cha mtema kuni.

Asubuhi yake akaniita. Mezani alikuwa ameyapanga majalada ya vitabu vya zamani vilivyofutwa kwenye orodha, vilivyongoja kutupwa. Matengenezo ya Baiskeli. Kanuni za Mpira wa Miguu. Ufugaji wa Kuku wa Mayai. Ndani yake, kwa uzi na gundi, alikuwa ameshavishona vile vitabu vya watoto, huwezi kuona hata mshono.

"Dada, hii ni mali ya maktaba," nikamwambia. "Umebakiza miaka miwili ustaafu. Ukifukuzwa je?"

"Liwalo na liwe. Mdogo wangu, wewe gonga mhuri."

Jumatano kabinti kakaja. Dada Gundi akapita karibu nako, akakiacha kitabu cha kuku mezani mbele yake, akaenda zake anapiga mluzi. Maktaba! Anapiga mluzi! Kabinti kakafungua, kakafunga haraka, kakaangalia huku na huku. Kisha kakaja kwangu kifua mbele.

"Shikamoo. Naazima hiki. Nyumbani tutafuga kuku."

"Marahaba. Watage vizuri, nakuombea," nikajibu, nikagonga mhuri wa kwanza.

Kilirudi ukurasa wa tisa umekunjamana wote. Dada Gundi akaupiga pasi. Na watoto, mnawajua, hawana siri ila wana njia zao. Wiki ya pili wakaanza kupanga foleni. "Kile cha baiskeli kipo?" "Mwenzangu kaniambia kuna cha mpira, siyo cha mpira." Mmoja wa wale vijana waliocheka akaja peke yake, macho chini, akaomba cha baiskeli. Nikataka kumkumbusha. Dada Gundi akanikanyaga mguu chini ya meza, na anavaa viatu vya ngozi ngumu.

Siku za mwizi ni arobaini. Yetu ilikuwa Ijumaa. Mkuu alipitia kadi na kukuta cha kuku kimeazimwa mara kumi na tisa kwa mwezi.

"Watoto wa mji huu wanapenda kilimo!" akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu msiba. "Hata mimi nafikiria kufuga. Nigongee."

Nikamwambia kina mende. Akasema hajali. Nikamwambia kimepitwa na wakati. Akasema kuku ni kuku. Nikagonga. Wikendi ile Dada Gundi hakula, nami nilimlaumu kwenye simu mpaka salio likaisha.

Jumatatu Mkuu akatuita wote ofisini kwake. Kitabu kilikuwa mezani.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," akasema Dada Gundi, hata hakungoja tuangaliane.

"Jumamosi nimejenga banda. Nimenunua kuku wanane. Nikakaa kwenye ngazi nisome wanakula nini." Akafungua kitabu. "Ukurasa wa kwanza: 'Bibi amekufa.'"

Kuna mtu nyuma yangu alijifanya anakohoa. Mimi nilijiuma shavu mpaka nikasikia damu. Lakini Mkuu alikuwa ameshafika ukurasa wa tisa, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"'Siku ya mwisho ulikataa kumsalimia. Bibi alijua kuwa unampenda, hata siku ile.'" Akakifunga kitabu. "Mama alinipigia nikiwa hapa, kwenye kikao. Nikamwambia nitampigia baadaye."

Hakuna aliyekohoa tena. Nilisikitika, nasema kweli, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwita mbilikimo wa roho kila akipita.

Akatoa barua ya onyo, akampa Dada Gundi mbele yetu: kuharibu mali ya maktaba. Dada akaipokea kwa mikono miwili. Kisha Mkuu akachukua stuli, akaibeba mwenyewe hadi kwenye ile rafu, akapanda na kulibandua bango. Lilikuwa limeshika. Akalikwangua kwa kucha mpaka kipande cha mwisho, watoto wote wanamtazama.

"Majalada yarudishwe?" Dada Gundi akamuuliza akiwa bado juu.

"Nani kasema yarudishwe? Yapo mengine stoo, kuna la ufugaji wa nyuki." Akashuka, akanigeukia mimi. "Na cha kuku niongezee wiki mbili."

Yeye, anayempigia simu kila aliyechelewesha kitabu hata siku moja, alikichelewesha siku sita. Aliporudisha alikiweka mezani kwangu pamoja na mayai matatu kwenye mfuko, akaondoka haraka.

Dada Gundi akakigeuza, akakinusa. Akafungua ukurasa wa tisa. Ulikuwa umekunjamana kutoka juu hadi chini.

Pasi ilikuwa pale pale, imeshapata moto. Akaichomoa kwenye umeme, akakifunga kitabu na kunipa.

"Huu tuuache hivi hivi," akasema. "Mtoto atakayefuata ajue si yeye peke yake."