Madume Katika Zizi la Lazaro

Shemeji yangu Mughwai, aliyemwoa dada yangu Esta, alikuwa mfugaji wa Mgori, na watu walimwita Mjerumani. Ulaya hakuwahi kuiona. Jina alilipata kwa sababu alifuga kwa sheria. Kwa kila ng'ombe wake, alijua mama yake ni nani, bibi yake ni nani, na tabia za bibi huyo. Mtamba akizaliwa na ng'ombe mpiga mateke, Mughwai alimtoa mahari, mateke yaende ukweni. Ukweni kwenyewe ni kwetu. Nilipigwa teke nikapona, maana ukoo wetu una mifupa ya chuma.

Baada ya Uhuru tuliunda chama cha wafugaji, tukamchagua Mughwai awe mwenyekiti. Jina lake nililipendekeza mimi. Nimesoma hadi darasa la nne, walimu wakaona nimetosha, na nikisimama mkutanoni watu husikiliza.

Miaka ya Ujamaa, tulipokwisha kuhamia kijijini, chama kikaahidiwa dume wa Boran, mbegu ya ng'ombe wakubwa wa nyama, kutoka ranchi ya serikali. Mughwai alikuwa amemwomba dume huyo tangu ana nywele nyeusi. Sharti lilikuwa moja: madume yetu yote ya zamani yahasiwe, ili mgeni azalishe peke yake. Bwana Mifugo akikuta hata mmoja hajahasiwa, Boran anakwenda kijiji kingine.

Mughwai akasimama mkutanoni. "Ndugu zangu, atakayeficha dume ameiba ndama wetu wote."

Tukapiga makofi. Waliopiga kwa nguvu ndio waliokuwa na madume.

Na yeye alikuwa na wake. Alimwita Bwana Shauri, kwa sababu ng'ombe wakigombana zizini, akitokea yeye tu, kesi imekwisha. Alimlea kwa mkono tangu mama yake alipokufa. Esta alikuwa akisema, "Mimi nikiugua unaniletea uji. Huyo akikohoa unalala naye zizini."

Sasa, sisi Wanyaturu hatuweki ng'ombe wote zizi moja. Unampa rafiki wa mbali akufugie, yeye anapata maziwa, na kamwe hasemi ng'ombe ni wa nani. Hata umwapishe, atasema ni wake. Na mtu mwenye kinywa kizito kuliko wote alikuwa Lazaro, ng'ambo ya msitu. Alfajiri moja Mughwai akamswaga Bwana Shauri hadi kwa Lazaro. Lazaro akampokea njiani, akamwingiza zizini mwenyewe. Hakumwambia kwamba jana yake Antipasi, mweka hazina wetu, alileta wa kwake, wala kwamba Alute, katibu wetu, alikuwa njiani na wake. Angesemaje, na mwiko ni mwiko?

Siku ya ukaguzi ikafika. Bwana Mifugo, kijana wa Iramba aitwaye Philipo, alizunguka Mgori nzima asione dume. Akamshika Mughwai mkono. "Mwenyekiti, Boran ni wenu. Sasa nisindikizeni ng'ambo ya msitu. Majirani wa mzee mmoja wanalalamika hawalali kwa ngurumo za zizini kwake."

Tukaenda, viongozi wote, mimi nikiwamo, kwa mwendo wa msibani.

Uzio wa Lazaro ulikuwa umelala chini upande mmoja. Ndani, vumbi na pembe tupu.

"Shikamoo, mzee," Philipo akasema.

"Marahaba."

"Hawa wote ni wako?"

"Wangu."

"Madume matupu?"

"Ndivyo Mungu alivyonijalia."

"Na maziwa unapata wapi?"

Lazaro akatazama mawingu. "Mimi napenda chai ya rangi."

Philipo akatoa koleo la kuhasia. "Mwenyekiti, tumsaidie mzee huyu kabla hajazalisha wilaya nzima. Nani atashika?"

Viongozi wakaanza kuchunguza vidole vya miguu yao. Bwana Shauri hana siasa. Alipomwona bwana wake akaja moja kwa moja, akamlamba mkono hadi kwenye kiwiko.

"Dume wa mzee anakupenda, Mwenyekiti," Philipo akasema.

Mughwai angeweza kunyamaza, na Boran angekuwa wetu. Akamkuna Bwana Shauri chini ya kidevu kwa muda.

"Ananipenda kwa sababu ni wangu," akasema. "Niliwakataza watu, halafu mimi nikaficha. Anza na huyu, nitamshika mwenyewe. Ukimpeleka Boran kwingine, waambie kosa ni la mwenyekiti, si la Mgori."

Kisha Antipasi akakohoa. "Yule mwenye pembe iliyovunjika ni wangu."

"Mwekundu wangu," akasema Alute.

Wakaendelea hivyo mpaka Lazaro akabaki na mbwa wake tu. Philipo alicheka hadi akakaa juu ya kinyesi kibichi, na hapo akacheka zaidi.

"Sharti ni wahasiwe," akasema akijifuta. "Zizi gani, halikusema. Leteni kamba, Boran bado ni wenu."

Kamba nilishika mimi, na bila mimi wangekanyagwa watu. Boran alikuja kabla ya mvua. Bwana Shauri akawa maksai, akavuta plau kwa heshima zote. Wako waliotaka Mughwai atolewe uenyekiti, lakini Antipasi aliwauliza ni nani mwingine aliyesema yake kwanza. Tukamchagua tena. Amri yake ya kwanza ilikuwa viongozi wote tuvuke msitu, tukate miiba, tumjengee Lazaro uzio mpya, naye mzee akatusimamia kutwa nzima huku akinywa chai ya rangi.