Nilivyomuua Mama Mumo Kwenye Fomu

Mimi shule niliiacha mapema, lakini fomu nazijua. Huku kwetu Mbooni, mtu akija na fomu na kalamu, ujue mahindi ya msaada yako njiani, na anayeandikwa kwanza ni yule mwenye shida nyingi. Basi siku ya kliniki ya sukari, msichana anayesomea uuguzi akaja kukaa karibu nami. Alinieleza vizuri kwamba ni utafiti wa chuo, wanataka kujua sisi wagonjwa tunaishi vipi. Mimi nilisikia harufu ya mahindi tu.

"Umau, unaweza kutembea mpaka wapi?" akaniuliza, akiniita babu kwa Kikamba.

"Mpaka mlangoni, mjukuu wangu."

Na asubuhi hiyo nilikuwa nimepanda mlima wote kwa miguu, nikipiga mluzi.

"Nani anakupikia?"

"Hakuna. Mke wangu, Mama Mumo, alishafariki."

Msichana akaweka kalamu chini, akapangusa macho. Hapo ningesema ukweli, lakini nilikuwa nimeanza kuwaza magunia mawili.

Alhamisi akaja nyumbani na mwalimu wake, bila gunia hata moja. Mimi nilikuwa juu ya nyumba nikipigilia bati. Mama Mumo akatoka jikoni kuwapokea.

"Tumekuja kumpa mzee pole ya kufiwa na mke, maana tumesikia yeye mwenyewe hawezi kupita mlangoni," mwalimu akasema.

Mama Mumo alinitazama huku juu.

"Karibuni uji," akawaambia. "Marehemu ni mimi. Mgonjwa asiyepita mlangoni ndiye yule."

Kisha akachukua ngazi, akaingia nayo ndani.