Manyunyu ya Mwalimu Emerensiana

Hapa Nangara kila mtu anamheshimu Mwalimu Emerensiana, na heshima hiyo ndiyo inayomtesa. Alifundisha Kiingereza miaka mingi, akastaafu mara tu mkoa wetu mpya wa Manyara ulipoanza na mji ukajaa wageni. Muda si mrefu mumewe, Pantaleo, akafariki. Matanga yalipoisha tukatawanyika, na kusema kweli hatukurudi tena.

Tatizo ni mdomo wake. Mwalimu hawezi kusikia kosa akalinyamazia. Umwamkie vizuri, umpe habari za mahindi, bado atakukata kauli akunyooshee sentensi. Hata padri alishasahihishwa mlangoni pa kanisa. Basi sisi, watu wazima wenye wajukuu, tunamsalimia kutoka nje ya uzio na kuongeza mwendo kama wanafunzi waliochelewa namba ya asubuhi. Jioni namwona barazani peke yake, na chupa ya chai ambayo hawezi kuimaliza. Inaniuma. Lakini hata mimi siingii.

Juzi alasiri manyunyu yalianza, na Mwamvita, yaani Mama Zawadi muuza vitenge wa sokoni, akakimbilia barazani kwa mwalimu wake wa zamani. Mimi nilikuwa upande wangu wa uzio, naanua nguo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Mama Zawadi. Karibu kiti."

Mwamvita alisita, kisha akakaa ukingoni. Akajaribu kumfurahisha mwalimu kwa Kiingereza: kwamba mvua inanyesha paka na mbwa. Nikashika kichwa. Kila aliyepita mikononi mwa mwalimu anajua kuwa Waingereza husema hivyo mvua inapomwagika kweli kweli, ya kujaza mitaro. Haya yalikuwa manyunyu tu, hata vumbi hayakulilaza. Enzi zile, aliyeutumia msemo huo ovyo aliuandika mpaka ubao ukajaa.

Mwalimu akafungua mdomo, kidole kimeshanyanyuka. Mwamvita alikijua kidole kile. Akajifunga mtandio vizuri, akaanza kuinuka.

Kidole kikashuka. Mwalimu akatazama uani, ambako jua lilikuwa limeshatoka na kuku wanaparura.

"Kweli kabisa, mwanangu," akasema. "Kubwa mno. Ukitoka sasa utalowa. Kaa kwanza."