Kilimo Alichonichagulia Mjomba

Nilipomaliza kidato cha nne nilitaka kuwa muuguzi. Mjomba ndiye aliyenibadilisha. Alikuja kwetu Masasi kutoka Chilangala, akaketi na mama barazani, kisha akaniita.

"Mpwa wangu, wauguzi wapo wengi," alisema. "Soma kilimo. Shamba la bibi yako linahitaji mtu aliyesoma. Ukimaliza chuo, litakuwa lako."

Kwetu ardhi hufuata upande wa mama, watoto wa dada ndio hurithi, na mjomba ndiye msemaji wa ukoo, kwa hiyo sikuona sababu ya kumtilia shaka. Tena shamba lenyewe nililipenda. Likizo zote za utotoni niliokota korosho mle nyuma ya marehemu bibi, vidole vikinata kwa maji ya mabibo. Nikaachana na fizikia, nikaenda kidato cha tano Newala kusoma kemia, biolojia na jiografia. Wenzangu bwenini waliniita Bibi Shamba, nami niliitika kwa furaha.

Likizo ya mwisho kabla ya mtihani wa kidato cha sita ilikuwa ya Desemba. Nikaona nipitie Chilangala kumsalimia mjomba, halafu ndipo nishuke Masasi. Nikamwomba mwenye bodaboda anipeleke kwanza shambani.

Nusu ya mikorosho ya bibi ilikuwa imekatwa. Vibarua walikuwa wakichimba mashimo ya miche mipya, na aliyewaelekeza alikuwa binamu yangu, mtoto wa kwanza wa mjomba. Alinipokea vizuri tu.

"Karibu, dada. Mzee amenikabidhi tangu mwezi wa nane," alisema. Akanitazama usoni. "Kwani hukuambiwa?"

Nilimkuta mjomba nyumbani kwake anakula muhogo wa kuchemsha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Njoo ule."

Nikamuuliza habari za shamba nikiwa bado nimesimama. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Mwenzio ana mke na watoto, anahitaji pa kushika," alisema. "Wewe utaolewa, utakwenda zako."

"Lakini uliniahidi, mjomba."

"Yale yalikuwa maneno ya kumtia mtoto moyo asome. Na si umesoma?"

Akanisogezea sahani. Nikala kipande kimoja kwa adabu, nikaaga.

Njia nzima ya kuteremka Masasi nilijipa moyo kwamba mama akisikia, atasimama upande wangu. Nilipomsimulia aliendelea kupepeta mchele.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua. Yule ni kaka yangu mkubwa, mwanangu. Ningemwambia nini?"

"Ungeniambia mimi."

La mjomba liliniuma, lakini la mama ndilo lililoninyima usingizi. Miezi yote ile tulikuwa tukiongea kwa simu ya matroni, naye akiniuliza masomo ya kunifikisha kwenye kilimo yanaendeleaje.

Shuleni nilirudi sina hamu. Nilimfuata mwalimu wa taaluma, nikamwambia sitaki tena kuomba kilimo, nataka uuguzi. Alinieleza bila kunizungusha kwamba kwa kuwa niliacha fizikia, milango mingi ya afya imeshafungwa. Nililia pale ofisini kwake. Hapo ndipo nilipoelewa kilichochukuliwa. Shamba lilikuwa sehemu tu.

Kwa wiki kadhaa nilijiuliza kama kilimo chenyewe kina kosa gani. Hakikuwa na kosa. Ila kila nilipofungua sura ya udongo kwenye jiografia niliona yale mashimo ya miche. Kilichobaki kikinipa raha ni kemia. Jioni nilikuwa nikiwaelekeza wenzangu maswali, na walikuwa wakinielewa. Nikaamua kuomba ualimu wa kemia na biolojia, na safari hii sikumuuliza mtu.

Nilipomaliza mtihani mjomba alikuja Masasi.

"Nasikia unaomba ualimu. Si tulikubaliana kilimo?"

"Tulikubaliana na shamba pia, mjomba."

Mama aliinuka akaenda jikoni. Mjomba akaanza kuongelea bei ya salfa ya kupulizia mikorosho.

Sasa nafundisha, na kazi naipenda. Mjomba huwaambia watu kuwa yeye ndiye aliyenisukuma kwenye sayansi. Namwamkia kama kawaida, naye huitikia. Mama bado hunipigia kila Jumapili, akiniuliza habari za kazi. Namjibu vizuri, ila mipango yangu simwambii mpaka iwe imeshakamilika.