Vidonge Vyangu Kinywani Mwake

Mume wangu ni kinyozi, na wateja humwita Taratibu, maana kichwa kimoja kwake ni saa nzima. Mie nina haraka, yeye hana. Ndivyo tulivyoishi miaka ishirini na sita. Akishika wembe hazungumzi. Mteja akimletea umbea, anamwinamisha shingo tu, umbea unaishia hapo.

Kitu kimoja tulifanana: presha. Yangu ilisikia dawa, yake ilikuwa na kiburi. Alipewa vidonge vya aina mbili, kisha tatu. Nikamnyima chumvi mpaka akaniuliza kama tunakula au tunatumikia kifungo. Bado kipimo chetu cha nyumbani kilisoma mia na tisini na ushee. Kliniki wakamwandikia akapimwe figo, akasema hawezi kufunga kibanda siku nzima. Nami na ujuaji wangu nikasema figo za nini, wakati dawa yangu ipo? Kila asubuhi nikawa nampa vidonge vyangu na chai, nasimama pale mpaka ameze.

Wiki ya pili kipimo kikasoma mia na thelathini na tano. Nikawatangazia majirani. Nilijiona daktari kabisa.

Wiki ya tatu akavimba uso, viatu vikakataa kuingia. Akawa anatapika, na haja ndogo ikawa matone.

Hospitalini walimpiga picha ya mishipa. Daktari, binti ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, akatuonyesha: mishipa inayopeleka damu kwenye figo imebana, yote miwili. Figo zilikuwa na njaa ya damu, ndiyo maana zilikuwa zinapandisha presha, zipate angalau kidogo.

"Hii dawa inawafaa wengi," akasema, paketi yangu mkononi. "Lakini kwa mwenye mishipa kama hii, inazinyima figo hata hicho kidogo. Zimegoma. Nani alikupa?"

"Nilinunua mwenyewe," mume wangu akajibu. "Kama siku nne hivi."

Mtu asiyejua kudanganya hata mteja mwenye upara, leo anadanganya kwa ajili yangu.

"Si kweli, mwanangu," nikasema. "Ni vyangu. Nimempa mimi, siku kumi na tisa."

Aliandika bila kunitazama; afadhali angenigombeza. Dawa inakatishwa leo, akasema, damu itasafishwa kwa mashine, kisha watajaribu kupanua ile mishipa. Figo zinaweza kurudi, zinaweza zisirudi.

Alipotoka nikamgeukia mume wangu kwa hasira, maana hofu yangu haijui sura nyingine. "Unaumwa hivi, umekaa kimya. Kwa nini?"

"Nilianza kujisikia vibaya siku ya tatu," akasema taratibu. "Lakini kila ukinipima, mama watoto, ulikuwa unafurahi. Nikaona niendelee kumeza."