Mama wa Bukima Aliyeogopa Kusema

Alikuja wodini kwetu Musoma kutoka Bukima, mama wa makamo, muuza samaki, shingo yote imefunikwa na goita, tezi ya shingo iliyovimba. Siku moja kabla ya upasuaji nilikaa kitandani kwake nikamweleza: usile, usinywe, hereni uvue, asubuhi utaoga. Aliitikia kila kitu. Kisha akauliza, "Sista, na sauti je?"

Daktari alikwisha kumwambia kwamba mishipa ya sauti inapita karibu mno na tezi. Sikuwa na cha kumwahidi. "Watakuwa waangalifu sana, mama."

"Nikiwa msichana nilikuwaga naita ng'ombe wa baba toka mlimani, wanakuja wenyewe. Sasa naita wateja. Kazi nyingine sijui."

Asubuhi mwanga wa ziwa uliingia dirishani ukacheza darini, mpaka wodi nzima ikawa kama iko chini ya maji. Nilimsukuma taratibu hadi thieta, nikaombwa nibaki nimshike mkono. Dawa ya usingizi ilipoanza kumwingia, alikuwa akitaja samaki: sato, furu, ningu... Wa nne aliishia mdomoni.

Aliporudi nilimwinua kichwa kwa mito. Kila mara nilipitisha mkono nyuma ya shingo yake, maana damu ya kidonda cha pale huteremkia nyuma bila kuonekana. Palikuwa pakavu. Alipumua vizuri.

"Mama, niambie jina lako."

Akatikisa kichwa. Jioni vilevile. Kesho yake daktari alimuuliza, akafumba macho. Lakini uji aliunywa bila kupaliwa, dalili njema kwa mishipa ile, na hapo nikaanza kuelewa: alikuwa anaogopa kuijaribu sauti yake. Wagonjwa wenzake nao walianza kunong'ona, bila kuambiwa na mtu, na mimi nikajikuta natembea kwa ncha za vidole, kama mtu aliye ndani ya ndoto ya mwenzake.

Mchana huo, nikimbadilishia bandeji, nikaropoka tu. "Juzi nimenunua sangara, macho yamezama ndani. Muuzaji akasema ndiyo dalili kwamba ni mbichi kabisa."

"Alikudanganya!"

Sauti ilitoka ikikwaruza, kama mlango unaoburuzwa sakafuni. Akajiziba mdomo. Tukatazamana, mimi na pamba yangu mkononi, machozi yakimtoka, na yangu pia.

"Alikudanganya," akarudia polepole, akijisikiliza. "Macho yakizama, huyo ni wa kutupa."

Aliporudi kliniki baada ya wiki kadhaa, kovu lilikuwa jembamba, sauti imebaki nzito. Haikuwa ikifika mbali tena. Sokoni, binti yake ndiye aliyekuwa akiita wateja, yeye akikaa pembeni kuwachagulia samaki.

"Kwenye simu wananiitaga baba," akaniambia, akacheka kwa ile sauti mpya.

Nilimsindikiza hadi mlangoni. Nje alisimama juani akiongea na dereva wa bodaboda, mikono ikipaa na kushuka. Sikusikia hata neno moja, lakini dereva alikuwa amemwinamia, anamsikiliza.