Mkate Mkononi mwa Dishon

Kila asubuhi, akiisha kummiminia mumewe chai, Dama alimwuliza neno moja tu: "Leo?"

Dishon hakuwa na haja ya kuuliza leo kuna nini. Alikipuliza kikombe, akapiga funda la kwanza, kisha akatoa udhuru wa siku hiyo. Leo kuna trela la watu limevunjika ekseli. Leo jua kali. Leo goti lamuuma, na nani apige goti madhabahuni kwa goti bovu? Siku akiamka na furaha alisema, "Mama Kache, mimi nikivaa suti, watu wa Magongo watauliza nazikwa wapi." Dama alicheka bila kupenda, akajitwika ndoo yake ya viazi, akatoka kwenda kuuza.

Alichokuwa akikiomba ni kupanda kilima mpaka ofisi ya kanisa, waandikishe majina, ndoa yao ibarikiwe. Walikuwa wameishi pamoja tangu ujanani, wamezaa, wamemwoza binti yao Kache, lakini hawakuwahi kusimama mbele ya mchungaji. Wazee wa Dama walipokea mahari kule Rabai, wakanywa mnazi, wakaona shughuli imekwisha. Kanisa halikuona hivyo. Aliyeishi na mwenziwe bila ndoa ya kanisa hakushiriki Meza ya Bwana, ule mkate na divai, hata awe amebatizwa na kupata kipaimara kama hao wawili.

Basi kila Jumapili ya Meza, mstari wa Dama uliposimama kwenda mbele, yeye alivuta magoti upande ili wenziwe wapite. Wengine walisema "samahani, mama." Wengine walimkanyaga vidole.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye Dama aliinama. Alifagia kanisa, akapiga deki, akafua vitambaa vya madhabahu na kuvipiga pasi mpaka vikasimama vyenyewe. Akaomba kazi ya kuosha vikombe vya divai, vile vidogo vya kioo, kama vya dawa ya kikohozi. Aliviosha kimoja kimoja kwenye beseni nyuma ya kanisa, na harufu ya divai ikamkaa vidoleni hadi jioni. Divai yenyewe hakuijua ladha yake. Akina mama wa umoja wa kanisa walimsifu kwamba ana karama ya utumishi. Kitambaa chao cha kichwani hawakumpa, maana kitambaa kilikuwa cha walioolewa kanisani.

Hakuna aliyemwahidi kitu kwa kazi ile. Ahadi alijipa mwenyewe. Aliamini kwamba iko siku mzee mmoja wa kanisa atasimama aseme, jamani, huyu mama ametumika vya kutosha, mpisheni. Mchungaji Lenox, kijana aliyeletwa juzi juzi, alipohubiri kwamba neema haipatikani kwa mshahara, Dama aliitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha akaenda kuosha vikombe, akivisugua kwa bidii zaidi, ili mchungaji mpya naye amwone.

Dishon yeye alikuwa fundi wa kuchomelea, kando ya barabara ya Magongo, na Jumapili ndiyo siku malori yalipolala na kazi ikajaa. Kanisani alionekana Krismasi, tena amesimama mlangoni.

"Mungu wako akinitaka," alimwambia mkewe, "anajua ninapochomelea."

"Si Mungu wangu peke yangu, Baba Kache. Ulibatizwa wewe."

"Nilibatizwa mchanga. Sikuulizwa."

Jirani yao, Bi Mwanatumu, mke wa mwenye duka la pembeni, aliyasikia hayo ng'ambo ya ukuta. Alikuwa mtu wa Mombasa wa tangu na tangu, na mambo ya kanisa yalimshangaza. "Shoga, sisi kwetu ni walii, shekhe, mashahidi wawili na sahani ya halua," alisema. "Nyinyi mwataka nini hata mambo yakawa mazito hivi?"

"Twataka mume akubali," alijibu Dama.

"Aa. Hilo hata kwetu zito."

Kisha mapafu ya Dishon yakachoka. Moshi wa chuma alikuwa ameumeza tangu ujana, akiufunika kwa kitambaa mdomoni pale alipokumbuka. Hospitali ilimweka, ikampima, ikamrudisha nyumbani na maneno ya upole ambayo kila mtu aliyaelewa. Alilala chumba cha mbele, ameegemezwa mito, akihema kama aliyetoka mbioni. Dama aliacha kuuza viazi. Hakuacha vikombe. Jumapili alimwachia Bi Mwanatumu mgonjwa, akakimbia kanisani kuosha, akarudi.

Alasiri moja Mchungaji Lenox alikuja na kimkoba chake cha kutembelea wagonjwa. Bi Mwanatumu, aliyekuwa ameleta uji, akajitoa mpaka kizingitini akabaki pale na bakuli lake mkononi.

Mchungaji alimwuliza Dishon kama anamwamini Kristo.

Dishon alifikiri. "Sina kingine cha kumwonyesha," akasema. "Kama anapokea mtu mikono mitupu, haya, namwamini."

Ndivyo tu. Mchungaji akafungua kimkoba, akatandika kitambaa kidogo juu ya kigoda. Dama alikitambua kile kitambaa. Alikuwa amekipiga pasi mwenyewe.

"Unampa Meza?" aliuliza.

"Aliye kufani hanyimwi, mama."

"Na mimi?"

Mchungaji alijikuna shingo. "Wewe, mama, Mungu akuweke, u mzima. Utaratibu..."

"Basi tufungishe ndoa," alisema Dishon kutoka mitoni. "Nimekubali. Shahidi Bi Mwanatumu yule pale na uji wake."

Dama alimgeukia. Asubuhi zote zile, na leo ndiyo leo.

"Lazima tangazo lisomwe Jumapili tatu," alisema mchungaji kwa sauti ndogo. "Wazee hawataniachia."

Dishon alicheka mpaka akakohoa. "Jumapili tatu! Hata Jumatatu hii inayokuja sina uhakika nayo."

Mchungaji akasoma maneno, akaweka mkate kiganjani mwa mgonjwa, kile kipande chembamba cheupe. Dama alikuwa amemshikilia mumewe kichwa kisianguke. Dishon hakukitia kinywani. Alikivunja vipande viwili kwa vidole vyake vilivyoungua ungua, nusu akala, nusu akamnyooshea mkewe.

"Haya, Dama. Chako."

Mchungaji Lenox aliona. Akasimama, akaenda dirishani, akawapa mgongo na kuanza kutazama malori barabarani kana kwamba hajawahi kuyaona. Alikaa hivyo muda mrefu. Hata Bi Mwanatumu, asiyejua utaratibu wa Kikristo, alielewa mlango umeachwa wazi.

"Ni chako," Dama alisema. "Kula wewe."

"Nimepewa bure. Nami nakupa bure. Kosa liko wapi?"

"Nimesema kula, Baba Kache."

Mkono ule ulibaki hewani, na Dama akautazama bila kufungua kinywa. Ulipochoka, Dishon aliurudisha taratibu, akala kile kipande, akafumba macho.

"Haya, mama," akasema. "Haya."

Hakuimaliza wiki.

Walimzika Rabai. Mchungaji alisoma mbele ya watu kwamba marehemu amelala akiwa mshiriki kamili wa Meza ya Bwana, na akina mama wa umoja wakaimba wamejipanga mistari miwili, vitambaa vyeupe kichwani. Dama alisimama pembeni yao na leso yake.

Matanga yalipoisha, Mchungaji Lenox alikuja tena na habari njema. Kwa kuwa sasa ni mjane, alisema, hakuna kizuizi. Jumapili aje mbele kama wenziwe, na akina mama wako tayari kumvika kitambaa. Alisema hayo kwa furaha ya kweli, maskini, akitabasamu. Dama alimsikiliza mpaka mwisho. Vikombe vyote alivyosugua havikumfungulia mlango ule. Umefunguliwa na kaburi la mtu aliyempenda.

Jumapili hiyo alikwenda kanisani. Mstari wake uliposimama, alivuta magoti upande, watu wakampita. Ibada ilipokwisha hakwenda kwenye beseni. Alirudi nyumbani moja kwa moja, akaketi barazani, mikono mapajani.

Bi Mwanatumu alimwona akaja kuketi naye. Tangu siku ile ya uji hakuwa ametamka lolote juu ya aliyoyaona, wala msibani, wala baadaye. Walikaa wakitazama watu wakipita.

"Shoga," alisema hatimaye, "nitakuuliza moja tu, nisikuulize tena. Mumeo alipokupa kile kipande, kwa nini hukupokea?"

Dama hakukawia kujibu.

"Kwa sababu yeye alipewa bure, hakukifanyia kazi yoyote," alisema. "Na mimi nilikifanyia."